Bastola, Risasi na Dawa: Tuliyoyasikia Uvira, Kweli au Si Kweli?

Kila aliyeishi kati ya Kavimvira na Kalundu amewahi kuambiwa jambo kuhusu bunduki. Ukitoka uwanda wa Ruzizi ukashuka na ziwa hadi Makobola, Baraka na Fizi, habari hizo hazikosi msimuliaji: ndani ya gari linalongoja kizuizi kifunguliwe, kisimani, ufukweni ndagala wanaposhushwa alfajiri. Wala si ajabu. Uvira iliwaona waasi wa Simba mwaka 1964, ikawaona AFDL Oktoba 1996, Mai-Mai waliouteka mji kwa siku chache Oktoba 2002, mashua za kundi la Yakutumba Septemba 2017, kisha M23 Desemba 2025. Watu waliopitia hayo yote wamejifunza mambo mengi, na baadhi yake yameokoa roho. Mengine yametoka kwenye sinema au kwenye midomo ya wanaojisifu, na hayo hupeleka watu makaburini.

Sasa liko swali ambalo wenye maduka, wabadilisha fedha na wasafiri wa barabara ya Bukavu huulizana kwa sauti ya chini: nikipata bastola ya kuficha kiunoni, nichukue kubwa au ndogo, na ya risasi gani? Kila rafiki ana jibu lake, tena analitoa kwa uhakika mkubwa. Hakika wewe msomaji umeyasikia majibu hayo. Tuyapime moja moja. Hukumu itatangulia, sababu zifuate.

“Risasi kubwa humwangusha mtu palepale, ndogo humkasirisha tu.”

Si kweli.

Hii ndiyo hadithi kongwe kuliko zote za bastola, na ina historia yake. Wamarekani walipopigana Ufilipino mwanzoni mwa karne iliyopita, walilalamika kwamba bastola zao ndogo hazikuwazuia wapiganaji wa Moro. Mwaka 1904 maofisa wawili, John Thompson na daktari Louis LaGarde, walipiga risasi ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago, na maiti za watu pia, ili kulinganisha vipimo vya risasi. Walihitimisha kwamba askari apewe bastola isiyopungua .45, yaani risasi yenye upana wa milimita 11 na zaidi kidogo. Kutokana na hapo ikazaliwa Colt ya mwaka 1911, na pamoja nayo imani kwamba risasi nene ndiyo dume. Kinachosahaulika ni kwamba katika jaribio lile lile baadhi ya ng'ombe walibaki wamesimama baada ya kupigwa risasi kadhaa.

Chukua hesabu ya shule ya sekondari. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 360 hivi kwa sekunde. Imguse mtu wa kilo 70, na nguvu yake yote imwingie: itamsukuma kwa sentimita 4 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa polepole mno. Risasi ya .45 ni nzito karibu mara mbili lakini inakwenda polepole zaidi, mita 250 hivi kwa sekunde, na nguvu zake zinalingana na za milimita 9 karibu kabisa, jouli 500 au pungufu kidogo. Mtu anayeruka nyuma hadi ukutani kwa sababu ya risasi yuko kwenye filamu peke yake. Mtu wa kweli huanguka ubongo au uti wa mgongo ukiguswa, au damu ikipungua mno. Hata moyo ukipasuliwa, ubongo hubaki na hewa ya kumwezesha kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Katika sekunde hizo mtu mwenye panga au kalashi anaweza kufanya mengi.

Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walijifunza somo hili kwa machozi. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, mwizi mmoja wa benki alipigwa risasi ya milimita 9 iliyosimama karibu kabisa na moyo wake. Jeraha lile lingemuua, lakini kabla ya kufa aliendelea kupiga, na maofisa wawili wakapoteza maisha. FBI wakailaumu risasi. Wakahamia milimita 10, kisha .40. Baada ya miaka karibu 30 ya majaribio, mwaka 2014 walisema wazi kwamba vidonda vya risasi za kawaida za bastola havitofautiani kiasi cha kujali, mradi risasi ifike ndani ya kutosha, walau sentimita 30 hivi. Tena maofisa wao wengi walilenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi wakitumia milimita 9. Wakarudi huko walikotoka.

Kuna chembe ya ukweli katika imani hii, nayo nitaitaja: vipo vipimo vidogo mno. Risasi ya 6.35, ile ya vibastola vya kutia mfukoni, ina jouli 90 hivi tu, na mara nyingi haifiki ndani ya kutosha. Kuanzia milimita 9 kwenda juu, ubishi wa kipimo hauna maana kubwa. Na kama unataka kujua nguvu ni nini, kalashi hutoa jouli zipatazo 2,000. Hakuna bastola ya kiunoni inayokaribia hapo, na kalashi ndiyo utakayokutana nayo barabarani kwetu.

“Bastola ndogo ndiyo nyepesi kutumia, ndiyo inayomfaa mama na anayeanza.”

Si kweli.

Ni nyepesi kubeba. Kutumia ni jambo jingine. Ishike GP, ile Browning ya mwaka 1935 iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji: ina uzito wa karibu kilo moja, mtutu wa milimita 118 na risasi 13 kwenye chaja. Sasa chukua kibastola cha kiwanda hicho hicho, Baby Browning: chini ya gramu 300, mtutu wa sentimita 5 hivi, na mpini unaoshikwa kwa vidole viwili. Mpigaji akikosea kidogo tu mkononi, kosa hilo hukua kadiri risasi inavyosafiri. Mtutu mfupi, alama za kulengea zilizosogeleana, mpini usiojaa kiganja: vyote hivyo humnyima anayeanza nafasi ya kulenga. Ukitia risasi yenye nguvu ndani ya bastola nyepesi, nayo humrudi mkono kwa ukali, akaanza kufumba macho kabla hajafyatua. Wakufunzi wa shabaha kokote duniani humpa mwanafunzi bastola ya ukubwa wa kati au kubwa, mwanamke kwa mwanamume, na ndogo huachiwa mtu mwenye mazoezi ya miaka.

Na hao wenye mazoezi je? Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichapisha uchunguzi juu ya polisi wa New York. Katika mapambano ambamo adui naye alikuwa anapiga, risasi 18 tu katika kila 100 za polisi zilifika zilikotumwa. Hao ni watu waliofunzwa, wanaolipwa kwa kazi hiyo, wanaopimwa shabaha kila mara. Zile 82 zilikwenda mahali. Ziweke kwenye njia za Mulongwe siku ya soko, ambako ukuta wa jirani uko hatua tatu kutoka wako, kisha ujiulize zingemwingia nani.

“Ukitoa chaja, bastola haina kitu.”

Si kweli, na hii imeua watu wengi nyumbani mwao.

Bastola ikishakokiwa, risasi moja hukaa chemba, ndani ya mtutu. Ukichomoa chaja, ile moja inabaki pale pale. Makarov na Tokarev, ambazo zimejaa Afrika nzima tangu enzi za Wasovieti, hufyatua risasi hiyo bila chaja. Kalashi vilevile. Ile GP ya Ubelgiji iliundwa kwa kifaa kinachoizuia kufyatua chaja ikiwa nje, na yamkini ndiyo maana imani hii ina nguvu Kongo, ambako maofisa waliizoea tangu siku za Wabelgiji. Lakini kifaa kile huharibika, na mafundi wengine hukitoa makusudi kwa kuwa kinaukaza ufyatuaji. Wazee wanaowakataza watoto kuelekeza kwa mtu hata bunduki ambayo baba ameapa kuwa ni tupu wako sahihi asilimia mia. Sheria yao na sheria ya kwanza ya kila uwanja wa shabaha ni moja.

“Mwenye bastola haibiwi.”

Si kweli.

Mwizi wa usiku Uvira hatafuti redio tu. Silaha yenyewe ni mali, tena inauzika upesi kuliko televisheni. Habari ikienea kwenye avenyu kwamba fulani anayo, nyumba ile imeongeza sababu ya kuvamiwa, na watakaokuja watakuja wengi, wakijua wanakwenda kwa mtu mwenye silaha, kwa hiyo wataanza kupiga kabla ya kuuliza. Kule Marekani, Arthur Kellermann na wenzake walichapisha mwaka 1993, katika jarida la tiba la New England, uchunguzi wa nyumba za kaunti tatu: kuwa na bunduki nyumbani kuliendana na hatari ya mtu kuuawa humo iliyozidi karibu mara 2.7, na mara nyingi muuaji alikuwa ndugu au mtu anayefahamika. Uchunguzi huo umebishaniwa sana, na Marekani si Sud-Kivu. Hata hivyo jambo lake la msingi tunalijua hapa bila jarida: ugomvi wa mke na mume, wa shamba, wa pombe, huisha kwa makonde mahali pasipo na bunduki.

Barabarani hali ni mbaya zaidi. Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, ukisimamishwa kizuizini ukapekuliwa na kukutwa na bastola imefichwa kiunoni, hutaonekana mfanyabiashara anayejilinda. Utaulizwa wewe ni wa kundi gani. Swali hilo, msomaji, halina jibu zuri.

“Kibali ni karatasi tu, komanda akikujua yatosha.”

Si kweli.

Sheria ya silaha na risasi nchini Kongo ni amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hawezi kuwa na bunduki au bastola bila kibali cha serikali, na silaha za kivita si za raia hata kidogo. Komanda anaweza kukufahamu leo. Kesho amehamishwa, au ameondoka na kikosi chake usiku, na wewe umebaki na kitu ambacho huwezi kukieleza mahakamani. Nchi zetu za Afrika ya Kati zimekwenda mbele zaidi: mkataba uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010, ulioanza kutumika tarehe 8 Machi 2017, unataka raia wakatazwe kabisa silaha nyepesi za kivita, na bastola zitolewe kwa masharti tu. Na kibali cha Kongo kinaishia Kavimvira. Ukivuka kwenda Gatumba na bastola, uko chini ya sheria za Burundi na hakuna wa kukutetea.

“Risasi ya hewani hupotea ziwani.”

Si kweli.

Inarudi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ofisa wa Marekani Julian Hatcher alipiga bunduki kwenda juu akiwa majini, huko Florida, akisikiliza risasi zinavyoanguka. Akakisia kwamba risasi ya bunduki ikianguka wima hufikia kasi ya mita 90 hivi kwa sekunde. Ngozi ya mtu huweza kupasuka kwa mita 60. Fuvu la mtoto haliombi zaidi. Na hiyo ni ile iliyopigwa wima kabisa, jambo ambalo mlevi wa sherehe au askari mwenye furaha hafanyi. Huinua mkono upande, na risasi ya upande huja na kasi kubwa zaidi, umbali wa kilomita kadhaa. Juu ya ziwa usiku kuna taa za wavuvi wa ndagala, mamia ya watu walioketi ndani ya mitumbwi bila paa. Anayepiga hewani Kalundu kwa furaha anapiga kuelekea kwao.

“Ukizama ziwani, risasi haikupati.”

Kweli kwa sehemu kubwa, na wavuvi wetu waliligundua hilo kabla ya maabara.

Maji ni mazito mara 800 kuliko hewa. Mwaka 2005 kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilipiga risasi za aina mbalimbali ndani ya bwawa. Risasi za bunduki zenye kasi kubwa zilivunjika vipandevipande kabla ya kumaliza mita moja, kwa kuwa kasi ile ile inayozipa nguvu ndiyo inayozipasua zikigonga maji. Za bastola, zenye mwendo mdogo, zilikwenda mbali zaidi, hadi mita 2 na nusu hivi. Kwa hiyo aliyezama mita mbili tatu ana kinga kubwa. Lakini atatoka kuvuta pumzi, na kichwa kikiibuka kinga imekwisha. Tena risasi inayogusa maji kwa mlazo huruka juu kama jiwe la watoto, ikaendelea na safari yake. Mtumbwi ulio nyuma yako hauna kinga hiyo.

“Dawa ya mai hugeuza risasi kuwa maji.”

Si kweli.

Naandika neno hili kwa heshima, maana katika kila ukoo wa Wabembe, Wafuliru na Wavira yuko mtu aliyepakwa dawa, na wengine wao walikwenda kutetea vijiji vilivyokuwa vinachomwa. Ushujaa wao haukuwa wa uongo. Lakini mwili wa mtu haubadiliki.

Ushahidi ni wa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanganyika, aliwapa watu maji ya kuzuia risasi za Wajerumani. Aliuawa kwa kitanzi mwanzoni mwa Agosti, na mwisho wa mwezi huo huo, tarehe 30, maelfu waliikabili ngome ya Mahenge wakafyekwa na bunduki za rashasha. Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata viliua watu ambao makadirio yake huanzia 75,000 hadi 300,000.

Huku kwetu shahidi ni mwanamapinduzi Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi Luteni Kanali Lambert wa waasi alivyomhakikishia kwamba ndege za adui hazina maana kwa mtu mwenye dawa, na kwamba yeye mwenyewe risasi zilimgusa zikaanguka chini. Anaeleza pia masharti: usiguse kitu cha mtu, usimguse mwanamke, usiogope. Soma masharti hayo upya. Kila aliyekufa alikuwa amevunja mojawapo, maana nani asiyeogopa? Tarehe 29 Juni 1965 waasi pamoja na Wakuba wa Che walishambulia Front de Force, huko Bendera, wakashindwa, na Wakuba wanne walikufa. Lawama zikamwangukia mganga, naye akabadilishwa. Dawa yenyewe haikuulizwa swali lolote. Imani inayoeleza kila kifo kwa kosa la marehemu haiwezi kupimwa na vita vyovyote, ndiyo sababu imeishi tangu waasi wa Simba walipopiga kilio cha “Mai Mulele” hadi leo.

Wanaoiona dawa ikifanya kazi nao hawasemi uongo. Mpiganaji aliyejaa hofu akimpiga mtu anayemjia akiimba, mikono hutetemeka na risasi hupita juu. Rudi kwenye wale polisi wa New York: risasi nyingi hazimpati yeyote, dawa iwepo isiwepo. Anayerudi mzima husimulia. Aliyelala porini hasimulii.

Na hapa hekima ya wazee ina haki yake. Sharti la kutoiba na kutogusa mwanamke liliwalinda wanavijiji kila lilipofuatwa. Kundi lenye miiko ni tofauti na kundi lisilo nayo, na mama wa Fizi au wa Uvira anaijua tofauti hiyo kuliko mwandishi yeyote. Miiko irudi. Kuwapaka watoto maji na kuwatanguliza mbele ya mitutu ni jambo ambalo mtu mzima hana udhuru nalo tena.

“Risasi ikikaa mwilini ni lazima itolewe upesi, la sivyo sumu itaenea.”

Mara nyingi si kweli.

Madaktari wa vita wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, wanaopasua majeruhi wa Kivu katika hospitali kama CBCA Ndosho ya Goma, hufundisha kinyume: risasi iliyokaa kimya ndani ya nyama huachwa. Huondolewa ikiwa ndani ya kiungo kama goti au nyonga, kwenye jicho, au ikiwa inabana mshipa mkubwa au neva. Kwenye goti risasi inaweza kweli kutoa sumu ya madini, maana majimaji ya kiungo huiyeyusha polepole. Kwingineko mwili huizungushia kovu na maisha huendelea. Wako wazee mjini wanaotembea nayo tangu 1996.

Kinachoua ni damu inayotoka siku ya kwanza na uchafu unaooza siku zinazofuata. Wengine husema risasi ni moto, kwa hiyo inajisafisha. Yule yule LaGarde, miaka kumi na zaidi kabla ya ng'ombe wa Chicago, alizipaka risasi vijidudu vya kimeta akazipiga kwa wanyama, nao wakaugua. Moto wa baruti hausafishi chochote, na risasi huingia ikivuta nguo, udongo na nywele. Ndiyo maana daktari mwenye ujuzi hashoni kidonda siku ile. Hukata nyama iliyokufa, huosha, hukiacha wazi chini ya bandeji, akakifunga baada ya siku nne au tano. Familia nyingi hulalamika kwamba mgonjwa wao ametelekezwa na shimo wazi. Hajatelekezwa, ameokolewa mguu. Kazi yako wewe uliye karibu ni kubana kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, kumfikisha hospitali, na kuuliza sindano ya pepopunda. Usichokoe kwa kisu. Usimwage unga wa vidonge wala majani.

“Ukisikia mlio, lala chini.”

Kweli, na ni urithi bora tulioachiwa na bibi zetu.

Risasi nyingi za vita vya mjini hupita kwenye kimo cha kifua na kichwa, kwa sababu watu hupiga wakiwa wamesimama. Aliyelala amejipunguza ukubwa mbele ya risasi zote hizo. Wengine huongeza kosa moja: hujibanza nyuma ya kabati au chini ya dirisha. Mbao na mabati havizuii hata risasi ya bastola, na ukuta mmoja wa tofali za udongo usiuamini mbele ya kalashi. Tafuta chumba cha katikati, ili kati yako na barabara kuwe na kuta mbili, ulale sakafuni kando ya ukuta, mbali na mlango na dirisha. Usisimame mlio unaponyamaza kwa dakika moja. Wengi wamepigwa wakitoka kuchungulia.

“Risasi iliyookotwa ni chuma tu, mtoto aichezee.”

Si kweli.

Risasi nzima ina baruti na kitako kinachowaka kikigongwa. Ikitupwa motoni hupasuka, na ganda lake la shaba hurusha vipande vinavyoweza kung'oa jicho. Guruneti au bomu ambalo halikulipuka shambani ni hatari mara nyingi zaidi. Linaweza kungoja miaka. Baada ya mapigano ya mji wetu na ya uwandani, vitu hivyo viko kwenye mitaro, mashambani na ufukweni wanakochezea watoto. Mama, baba, mwalimu: wafundisheni leo. Mtoto akiona kitu kama hicho asikiguse, asikitupie jiwe, arudi kwa njia aliyokujia, amwambie mtu mzima. Mtu mzima aweke alama kwa mbali, awazuie wengine, amwarifu mkuu wa avenyu au wa kijiji ili waitwe wataalamu wa kutegua mabomu.